Majina ya Miti na Macho ya Kipofu: Maisha ya Rumphius Kisiwani Ambon

Utangulizi

Georg Eberhard Rumphius alizaliwa katika nchi ya Ujerumani mwaka 1627, akafariki dunia tarehe 15 Juni 1702 katika kisiwa cha Ambon, kimojawapo cha visiwa vya Maluku ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Kwa muda wa miaka karibu 50 alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, na katika miaka 32 ya mwisho ya uhai wake alikuwa kipofu. Pamoja na hayo, ndiye aliyetunga Herbarium Amboinense, kitabu cha juzuu 6 chenye kueleza mimea ipatayo 1,200 ya Ambon na visiwa vya jirani: umbo lake, mahali iotapo, matumizi yake, na majina yake katika lugha za watu wanaoitumia.

Waandishi wa historia ya sayansi wamezoea kumsifu Rumphius kwa subira aliyokuwa nayo mbele ya misiba. Sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo, maisha yake yana jambo jingine ambalo wataalamu wa lugha ndio wapaswao kulitazama kwa karibu zaidi. Je, mtu asiyeona aliwezaje kutofautisha mti na mti? Na kazi ambayo sehemu yake iliungua moto, nyingine ikazama baharini, kisha yote ikafichwa na wenye mamlaka, iliwezaje kutumika tena baada ya karne mbili? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la maswali hayo mawili ni moja. Elimu ya Rumphius ilikuwa imetundikwa juu ya majina ya Kimalei na ya lugha za Ambon, na majina hayo hayakuwa mali yake wala mali ya Kampuni. Yalikuwa vinywani mwa wenyeji.

Njia ya Kufika Ambon

Baba yake Rumphius alikuwa fundi mkuu wa majenzi katika mji wa Hanau. Kijana alisoma Kilatini katika shule ya mji huo, na kwa baba yake akapata ujuzi wa hesabu na wa michoro ya majengo. Utoto wake wote uliangukia katika Vita vya Miaka 30 (1618-1648) vilivyoiharibu Ujerumani, na huenda hilo ndilo lililomfanya atamani kuondoka. Mnamo mwaka 1646 aliandikishwa jeshini kwa hila: aliambiwa kwamba atakwenda kuitumikia jamhuri ya Venezia, kumbe merikebu aliyopandishwa ilikuwa ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Magharibi, nayo ilikuwa ikielekea Brazili. Huko Brazili hakufika. Alijikuta Ureno, akakaa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kurejea kwao.

Mwishoni mwa mwaka 1652 alisafiri tena, safari hii kwa hiari yake, katika utumishi wa Kampuni ya India ya Mashariki. Merikebu iliyomchukua, Muyden, ilitia nanga Batavia, yaani Jakarta ya leo, mwaka 1653, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufika Ambon. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiaskari na ya ufundi wa ngome. Mwaka 1657 alihamishiwa upande wa biashara, akawekwa Larike, na kuanzia mwaka 1660 akawa Hila, katika pwani ya kaskazini ya rasi ya Hitu. Hapo ndipo utafiti wake ulipoanza kwa dhati. Mchana alikuwa mfanyabiashara wa Kampuni, akipima karafuu na kuandika hesabu. Muda uliobaki aliutumia kukusanya mimea, kombe na mawe, na kuwauliza watu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Hitu haikuwa nchi ya watu wasio na maandishi. Wakazi wake walikuwa Waislamu walioandika Kimalei kwa herufi za Kiarabu, kama vile Waswahili walivyoandika lugha yao kwa karne nyingi. Katikati ya karne hiyo ya 17 Imamu Rijali wa Hitu alikuwa ametunga Hikayat Tanah Hitu, historia ya nchi yake kwa ufasaha wa Kimalei, na Rumphius aliitumia historia hiyo alipoandika tarikh yake mwenyewe ya Ambon. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atakumbuka hapa jinsi tarikh ya Kilwa ilivyotumiwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Katika sehemu zote mbili mgeni aliandika juu ya nchi ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuiandika.

Karafuu na Kampuni

Haiwezekani kuyaeleza maisha ya Rumphius bila ya kueleza kilichomleta. Kampuni haikumpeleka Ambon kwa ajili ya elimu. Ilimpeleka kwa ajili ya karafuu. Wakati huo mikarafuu haikuwa ikistawi kwingine duniani ila katika visiwa vya Maluku, na Waholanzi walikusudia kuihodhi biashara yake peke yao. Ili bei isishuke Ulaya, waliamua kwamba mikarafuu ipandwe Ambon na katika visiwa vichache vya karibu tu, na kwamba kwingineko kote ikatwe. Wakazi wa rasi ya Hoamoal, katika kisiwa cha Seram, walipokataa, Gavana Arnold de Vlaming aliwapiga vita tangu mwaka 1651 hadi 1656. Mikarafuu yao ilifyekwa, na watu waliosalia wakahamishwa kwa nguvu.

Rumphius alifika katikati ya vita hivyo, akiwa ndani ya jeshi lililokuwa likivipigana. Baadaye aliviandika kwa kirefu katika historia yake ya Ambon, lakini Kampuni iliona kwamba historia hiyo ina siri nyingi mno, ikaizuia. Ilichapishwa mwaka 1910, yaani zaidi ya miaka 200 baada ya kufa kwake.

Habari hizi haziko mbali na pwani ya Afrika ya Mashariki kama zinavyoweza kudhaniwa. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche ya mikarafuu kutoka Maluku na kuipeleka Morisi kinyume cha matakwa ya Waholanzi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ilifika Unguja na Pemba. Kabla ya karne hiyo kufika ukingoni, visiwa hivyo viwili vilikuwa vimeipita Maluku kwa wingi wa zao hilo, kwa jasho la watumwa. Jina halikusafiri na mti. Wamalei huuita cengkih. Waswahili walikuwa na neno karafuu kutoka Kiarabu tangu zamani, kwa sababu waliijua bidhaa kabla ya kuuona mti. Neno moja la namna hiyo linatosha kuonyesha kwamba jina la mmea lina historia yake, na kwamba historia hiyo si lazima iwe sawa na historia ya mmea wenyewe.

Lugha ya Utafiti

Kimalei cha wakati huo kilikuwa na hadhi inayokaribiana sana na ya Kiswahili katika Afrika ya Mashariki. Kilikuwa lugha ya bandari, ya soko na ya dini, kikizungumzwa na watu wengi ambao nyumbani walikuwa na lugha zao nyingine. Mtu aliyetaka kujua habari za mimea ya Ambon alihitaji lugha hiyo kwanza, kisha alihitaji lugha za vijijini, maana mambo mengi ya porini hayakuwa na jina la Kimalei. Rumphius alijifunza zote mbili. Kadhalika alianza kutunga kamusi ya Kimalei, ambayo hakuimaliza.

Katika kitabu chake kila mmea una sehemu maalumu ya majina. Hutolewa jina la Kilatini ambalo mara nyingi amelibuni mwenyewe, na la Kiholanzi, kisha la Kimalei na la Kiambon. Na panapohusika huongezwa majina ya Ternate, Banda, Makasar, Java, Bali, hata ya Kichina. Hakuyatoa majina hayo kama pambo. Mara nyingi jina lenyewe lilikuwa maelezo ya kwanza ya mmea. Daun gatal, kwa mfano, ni jani liwashalo. Durian limetokana na duri, yaani mwiba, kwa sababu ya ganda la tunda hilo ambalo Zanzibar huitwa doriani. Rambutan limetokana na rambut, yaani nywele, na Mzanzibari alionapo tunda hilo, ambalo yeye huliita shokishoki, haoni taabu kuelewa kwa nini Wamalei waliliita hivyo.

Zaidi ya hayo, majina hayo yalikuwa na mpango. Kimalei huweka neno kuu mwanzoni: kayu kwa mti, akar kwa mzizi au kitambaacho, rumput kwa nyasi, daun kwa kinachojulikana zaidi kwa jani lake. Baada ya neno hilo hufuata sifa ibainishayo. Pengine mimea miwili inayofanana hutofautishwa kwa kuitwa mmoja wa kiume na mwingine wa kike, kama ambavyo Kiswahili husema mpapai dume. Kiswahili nacho kina mpango wake: ngeli ya M-/MI- huutenga mti na tunda lake, mnazi na nazi, mwembe na embe, bila ya kuhitaji neno la ziada. Mpango wa namna hiyo ni elimu. Anayejifunza majina hujifunza, pengine bila ya kujua, jinsi wenyeji walivyoigawa dunia yao.

Haikutokea kwa bahati kwamba kitabu cha Rumphius hufunguliwa kwa mnazi. Mtaalamu wa Ulaya ya wakati ule angeweza kuanza na mmea ulioheshimiwa na Wayunani au Warumi. Rumphius alianza na mti ambao pwani nzima ya Bahari ya Hindi huuona kuwa wa kwanza, akaeleza kwa kirefu kila sehemu yake na kazi zake. Mswahili mwenye msamiati wake wa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi angejiona yuko nyumbani katika sura hiyo.

Upofu na Misiba

Mwaka 1670, akiwa na umri wa miaka 42 au 43, Rumphius alipofuka. Gavana Mkuu wa Batavia, Joan Maetsuycker, aliyekuwa akiipenda kazi yake, aliamuru aachiwe cheo na mshahara wake, na Rumphius akahamia mji wa Ambon. Hapo akaendelea.

Upofu ulibadili mambo mawili. Kwanza, ulibadili lugha ya kitabu. Alikuwa ameanza kukiandika kwa Kilatini, lugha ya wataalamu wote wa Ulaya. Lakini sasa alilazimika kusema ili wengine waandike, na makarani aliopewa hawakukijua Kilatini. Aliacha aliyokuwa ameyaandika, akaanza upya kwa Kiholanzi. Kwa mtu wa zama zile hilo lilikuwa jambo zito, maana kitabu kisichokuwa cha Kilatini kilihesabiwa kuwa cha watu wa kawaida. Lakini Kiholanzi hicho cha kusemwa kilikipa kitabu uhai ambao Kilatini cha shule kisingeupata. Ni maelezo ya mtu anayezungumza na msikilizaji aliye mbele yake.

Pili, upofu ulibadili uhusiano wake na watu. Aliyekuwa akitazama sasa alitegemea kuelezwa. Mmea uliletwa mkononi mwake. Aliushika, akaunusa, akauonja inapowezekana. Mwingine alimweleza rangi ya ua na umbo la jani, na mwingine alitaja jina. Hapo ndipo jina lilipochukua nafasi ya jicho. Jina ndilo lililomhakikishia kwamba jani aliloletewa leo ni lile lile alilolishika miaka kumi iliyopita. Mtu akikosea jina, mwingine alimsahihisha, kwa kuwa jina lilikuwa la jamii nzima wala si la mtu mmoja. Ama kwa hakika tangu mwaka 1670 kitabu kile hakikuwa tena kazi ya macho mawili. Kilikuwa kazi ya vinywa vingi.

Mmoja wa waliomsaidia mapema zaidi alikuwa mkewe, Susanna. Tarehe 17 Februari 1674, wakati Wachina wa mji huo walipokuwa wakisherehekea mwaka wao mpya, tetemeko kubwa liliipiga Ambon. Ukuta ulimwangukia Susanna pamoja na binti yake, wakafa. Wimbi la bahari lililofuata liliifagia pwani ya Hitu, ile ile aliyoishi Rumphius zamani, na kwa jumla watu zaidi ya 2,300 walipoteza maisha. Rumphius alitunga taarifa ya maafa hayo, ambayo wataalamu wa matetemeko wanaitumia hadi leo. Na katika kitabu cha mimea, alipofikia ua jeupe la porini ambalo halikuwa na jina alilolijua, aliliita Flos Susannae, akaeleza kwamba amelipa jina la yule aliyekuwa mwenzi na msaidizi wake wa kwanza katika kutafuta mimea. Ua hilo leo huitwa na wataalamu Pecteilis susannae.

Misiba haikuishia hapo. Mwaka 1682 mkusanyo wake wa kombe na vitu vya ajabu, aliokuwa ameukusanya kwa miaka mingi, uliuzwa kwa Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, ingawa moyoni hakupenda kuachana nao. Tarehe 11 Januari 1687 moto uliuteketeza mji wa Ambon, ukala maktaba yake, baadhi ya miswada na michoro ya mimea. Mwanawe, Paulus Augustus, pamoja na wachoraji waliotolewa na Kampuni, walianza kuchora upya. Mimea ilibidi itafutwe tena porini. Ilitafutwaje? Ilitafutwa kwa majina, kwa kuwauliza wenyeji.

Safari ya Kitabu

Juzuu za mwanzo zilipokamilika, zilipelekwa Batavia. Gavana Mkuu wa wakati huo, Johannes Camphuys, ambaye mwenyewe alipenda elimu, aliagiza nakala iandikwe kabla ya mswada kupelekwa Uholanzi. Hadhari hiyo ndiyo iliyokiokoa kitabu. Merikebu Waterland iliyobeba mswada ilizamishwa na Wafaransa mwaka 1692. Nakala iliyobaki Batavia ilitumika, na kazi yote ikafika Uholanzi mwaka 1696.

Lakini wakurugenzi wa Kampuni walikataa kuichapisha. Walihofu kwamba mataifa shindani yangenufaika na habari zilizomo. Rumphius alikufa bila ya kukiona kitabu chake kikipigwa chapa. Mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kufa kwake, kilitoka kitabu chake kingine juu ya wanyama wa baharini, kombe na mawe, D'Amboinsche Rariteitkamer, ambacho michoro yake mingi ilifanywa na Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyekuwa amerudi kutoka kuchunguza wadudu wa Surinam. Hata vizuizi vilipolegezwa, Herbarium Amboinense haikupata mchapaji. Ilisubiri hadi Johannes Burman, profesa wa mimea wa Amsterdam, alipoitoa kwa Kiholanzi na Kilatini kuanzia mwaka 1741 hadi 1750, kisha nyongeza yake mwaka 1755.

Majina Yaliyofutwa na Majina Yaliyobaki

Miaka mitatu tu baada ya juzuu ya sita, yaani mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa Species Plantarum. Kitabu hicho ndicho kilichofanywa baadaye kuwa mwanzo wa majina halali ya kisayansi ya mimea, na majina yote yaliyotangulia yakahesabiwa kuwa hayamo. Kwa kanuni hiyo Rumphius, aliyekuwa ameipa majina mamia ya mimea, akawa hana hata moja lililo halali kwa haki yake mwenyewe. Aidha, Linnaeus alikuwa ameweka sharti kwamba majina ya jenasi yasiyokuwa na asili ya Kiyunani au Kilatini yakataliwe, kwa kuwa ni ya kishenzi. Sharti hilo, kama lingetekelezwa kikamilifu, lingefuta kila kilichotoka vinywani mwa Wamalei na Waambon.

Halikutekelezwa kikamilifu. Baadhi ya majina yaliyopitia kitabu cha Rumphius yaliingia katika sayansi kwa mlango wa nyuma: Pandanus kutoka pandan, Nypa kutoka nipah, Cananga kutoka kenanga, Atuna kutoka atun. Mawili kati ya hayo yanawahusu wasomaji wa Kiswahili. Pandanus ni jenasi ya mkadi, ambao maua yake hutumiwa kwa manukato pwani. Cananga odorata ndio mlangilangi. Mwanafunzi wa pwani asomapo majina hayo katika vitabu vya sayansi hudhani kwamba ni Kilatini, kumbe chini ya Kilatini hicho kuna Kimalei.

Jaribio kubwa la kukirudishia kitabu maana yake lilifanywa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtaalamu wa Kimarekani E. D. Merrill, aliyefanya kazi Manila, alikusudia kutambua kila mmea wa Rumphius. Tatizo lilikuwa kwamba Rumphius hakuacha mimea iliyokaushwa ya kulinganishia; aliacha maelezo, michoro na majina. Kwa hiyo mwaka 1913 Charles Budd Robinson alipelekwa Ambon ili aitafute mimea ile ile mahali pale pale. Majina ambayo sayansi ilikuwa imeyafuta yalikuwa bado yanatamkwa na wenyeji, na kwa kuyafuata Robinson aliweza kukusanya mingi katika muda wa miezi michache.

Desemba mwaka huo Robinson aliuawa porini. Inasimuliwa kwamba Kimalei chake kilikuwa kidogo, na kwamba alipotaka kijana mmoja akate nazi, yaani kelapa, alitamka kepala, ambalo maana yake ni kichwa. Wanakijiji waliogopa kwamba wamejiwa na mkata vichwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi mtu aliyekuja kuokota matunda ya majina alikufa kwa sababu ya jina alilolikosea, na jina lenyewe lilikuwa la mti ule ule ambao kitabu cha Rumphius kilianza nao. Merrill aliitoa kazi hiyo mwaka 1917, na mimea mingi ya Rumphius ikajulikana tena ni ipi. Tafsiri kamili ya Kiingereza, kazi ya E. M. Beekman, ilitoka mwaka 2011.

Miaka michache kabla ya hapo kitabu kilikuwa kimekwisha kuonyesha kwamba hakijazeeka. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, wataalamu waliopekua maelezo ya Rumphius juu ya dawa walizipima mbegu za atun, ambazo alisema hutumiwa kwa kuharisha, wakaona kwamba zinazuia ukuaji wa baadhi ya bakteria.

Kasoro za Kazi Yake

Si haki kumsifu Rumphius bila ya kuzitaja kasoro zake. Utegemezi wake juu ya maneno ya watu ulimpoteza mara kwa mara. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa tunda kubwa mfano wa nazi pacha, lililookotwa baharini na kuitwa kelapa laut, nazi ya bahari. Rumphius alikataa kwamba lilianguka kutoka mti wa nchi kavu, akashikilia kwamba limeota chini ya bahari. Mti wenyewe ulionekana mwaka 1768 katika kisiwa cha Praslin huko Shelisheli, ukiwa umesimama juu ya ardhi kama minazi mingine. Hapa jina lilimdanganya: lilieleza mahali tunda linapookotwa, naye akalichukua kuwa linaeleza mahali linapoota.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo si yake peke yake. Wengi waliomwambia majina wao wenyewe wamebaki bila majina. Mengi yameelezwa kuwa ni ya Wamalei au ya Waambon, kana kwamba kabila zima lilizungumza kwa kinywa kimoja. Nao walikuwa wakimweleza mtumishi wa Kampuni iliyokuwa ikikata miti yao na kuwapangia bei ya jasho lao. Rumphius aliwaheshimu wenyeji kuliko wenziwe wengi walivyowaheshimu, lakini elimu aliyoipokea kwao ilipelekwa Amsterdam, na wajukuu zao hawakuipata katika lugha yao.

Hitimisho

Maisha ya Rumphius yanathibitisha kwamba jina la mmea katika lugha ya wenyeji ni chombo cha kuhifadhia elimu, tena ni chombo kinachoweza kudumu kuliko karatasi. Moto, bahari, siri za Kampuni na kanuni za Ulaya vilikishambulia kitabu kimoja, na bado mtu aliweza kushuka ufukweni Ambon mwaka 1913 akauliza mti kwa jina lililoandikwa miaka zaidi ya 200 nyuma, akaonyeshwa. Lakini uthabiti huo una sharti lake: lazima awepo bado mtu wa kuulizwa.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi ya namna hii haijakosa waanzilishi. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alijitahidi kuitambulisha mimea kwa majina ya kisayansi, na P. J. Greenway alitoa mwaka 1940 kamusi maalumu ya majina ya mimea. Hata hivyo kamusi nyingi zilizofuata, zinapofikia jina la mti usiolimwa, hutosheka na maneno matatu: aina ya mti. Maelezo hayo humwambia msomaji kile ambacho ngeli imekwisha kumwambia. Hayasemi mti uko wapi, unafananaje, unafanya kazi gani, wala nani alilitaja jina hilo, na katika kijiji gani.

Kipofu wa Ambon aliyajibu maswali hayo kwa mimea 1,200, akiwa na makarani wachache na watu walio tayari kumletea jani mkononi. Hakujibu swali la nani, na hilo ndilo pengo ambalo watungaji wa kamusi wa leo wanaweza kuliziba. Katika misitu ya kaya za Mijikenda, katika mikoko ya Lamu na katika vilima vya Usambara wapo wazee wanaoyajua majina ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Kila jina likiandikwa pamoja na jani lake, mahali pake na jina la mzee aliyelitaja, atakayekuja baadaye atajua aulize nini, na amwulize nani.